Anza na Kucha Utakazoweza Kuzitoa

Wengi wanaotaka kuanza biashara ya kucha nyumbani huanzia Kariakoo. Mtu anashuka kwenye daladala na mtaji wake kwenye pochi, anapita duka hili na lile, jioni anarudi na boksi la rangi hamsini, taa, mashine ya kusagia, unga wa akriliki, mawe ya kumetameta na stika za vipepeo. Kisha anakaa kusubiri wateja. Wakija, mama wa nyumba ya pili anataka kusuguliwa visigino, binti wa mwenye duka anataka kutolewa kucha alizobandikwa kwa ajili ya harusi, na mwalimu wa shule ya msingi anataka rangi moja tu iliyotulia. Rangi zile hamsini zinabaki kabatini, na fedha iliyolala humo ndiyo ingelipa kodi ya mwezi.

Kwa hiyo orodha ya huduma iandikwe kabla ya safari ya Kariakoo. Mimi nina kigezo ninachokitanguliza mbele ya vingine vyote, ingawa mafunzo mengi hukiweka mwishoni au hukiruka kabisa: usiuze kitu usichoweza kukiondoa kwenye kidole cha mteja bila kumuumiza.

Kucha ya mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi. Ili kucha nzima ibadilike, kutoka mzizini mpaka nchani, inahitaji karibu miezi sita. Ya dole gumba la mguu huchukua mwaka mzima, hata mwaka na nusu. Ukimbandua mteja jeli kwa nguvu mwezi wa sita, ukang'oa na tabaka la juu la kucha yake, basi mpaka karibu na Krismasi anatembea na kazi yako vidoleni. Ataionyesha kanisani, sokoni na kwenye kikao cha vikoba, na hakuna picha ya Instagram itakayokusafisha.

Kuondoa kunadai subira kuliko ufundi. Jeli ya kupaka unaikwangua kidogo juu kwa tupa ili ule mng'aro uvunjike, unaweka pamba iliyolowa asetoni, unaifunga kwa foili, unasubiri dakika 10 hadi 15, halafu unaisukuma taratibu kwa kijiti. Ikigoma, unafunga tena. Kabla ya hapo unapakaza mafuta ya mgando pembeni mwa kucha, maana asetoni hukausha ngozi. Akriliki nzuri nayo hulainika kwa asetoni, ila hukawia zaidi. Zipo pia jeli ngumu za kujengea kucha ndefu ambazo hazilainiki kwa chochote. Hizo hutolewa kwa kusagwa, na anayeanza aziache.

Kwa hiyo ipe huduma ya kuondoa jina lake na bei yake kwenye orodha. Mafundi wengi huifanya bure, kama adabu ya kumpokea mteja anayekuja kubandikwa kucha mpya. Huo ni utajiri wa kugawa. Kila mtaa una watu waliobandikwa kucha na fundi aliyehama, au waliobandikwa mkoani wakiwa safarini, nao huzitafuna na kuzing'oa kwa meno kwa kuwa hawajui pa kwenda. Wewe ukijulikana kwamba unatoa kucha bila maumivu, umepata wateja kabla hujajua kuchora ua hata moja.

Kigezo hiki kinakuchujia na bidhaa. Kwenye akriliki kuna vimiminika vya aina mbili ambavyo jicho halivitofautishi. Kimoja, kinachokubalika katika kazi hii, hutumia kemikali iitwayo EMA. Kingine hutumia MMA, ambayo ni rahisi zaidi na ni ndugu wa vitu vinavyotengenezea meno ya bandia na saruji ya mifupa. Marekani mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ilichukua hatua za kisheria miaka ya 1970 dhidi ya bidhaa za kucha zilizotengenezwa kwa MMA tupu, baada ya malalamiko ya watu walioumia. Kucha ya MMA ni ngumu kupita kiasi. Mteja akijigonga mlangoni, kucha ya bandia haivunjiki. Kinachong'oka ni kucha yake mwenyewe. Tena asetoni haiisumbui. Hivyo ukiuziwa kimiminika kilichomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, hakina lebo, kina harufu kali isiyo ya kawaida na bei yake inafurahisha, usikinunue, hata muuzaji akikuapia kwa jina la mama yake. Tangu mwaka 2019 vipodozi nchini Tanzania viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na bidhaa isiyosema hata imetengenezwa wapi haijapita mikononi mwao.

Baada ya hapo, tazama nyumba yako. Hapa ndipo ushauri wa mitandaoni unapotupoteza, kwa sababu anayeutoa amekaa kwenye saluni yenye kiyoyozi, na wewe una sebule, baraza, na jiko lililotenganishwa na pazia.

Asetoni hushika moto upesi mno, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo husambaa chini sakafuni badala ya kupanda juu. Jiko la mkaa likiwa mlangoni, au la gesi likiwaka upande wa pili wa pazia, hufungui chupa hiyo. Ukipika mchana, wateja wa kuondolewa kucha waje asubuhi au jioni. Wala usidhani dirisha moja lililo wazi linatosha kukulinda.

Akriliki ina harufu inayopenya kila mahali. Inaingia kwenye unga, kwenye mito, kwenye nguo za shule zilizoanikwa ndani wakati wa masika. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali hupunguza vumbi la kusaga, lakini mvuke unapita kana kwamba haipo. Kama mna chumba kimoja na sebule, na mtoto mchanga analala humo, akriliki haina nafasi kwenye orodha yako, hata uwe na mkono mzuri kiasi gani.

Jeli, kwa upande wake, haina harufu ya kukera, lakini inaogopa jua. Kinachoigandisha ni mionzi ileile ya taa, na mwanga wa jua unayo pia. Ukifanyia kazi barazani saa nne asubuhi, brashi itakakamaa mkononi na jeli itaanza kushika chupani ukidhani umeuziwa mbovu. Jeli inataka kona yenye kivuli. Miguu na rangi za kawaida ndizo zinazopenda baraza: hewa ipo, mwanga upo, maji yakimwagika hayaharibu zulia, na wapita njia wanaona kazi.

Kitu cha tatu cha kutazama ni mikono ya majirani zako. Usiulize wanapenda nini. Uliza mikono hiyo inafanya nini kutwa. Mwanamke anayefua kwa mikono, anayesonga ugali wa watu saba na kukuna nazi kwenye mbuzi hana matumizi na kucha ya sentimita tatu, isipokuwa wiki ya harusi ya mdogo wake. Anataka kucha fupi, imara, safi, yenye rangi isiyobanduka upande mmoja siku ya pili. Kama unaishi karibu na hospitali, wauguzi watakuwa wateja wazuri, lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono unawataka wahudumu wanaogusa wagonjwa wasivae kucha za bandia, na kucha zao za asili zisizidi nusu sentimita. Kumuuzia muuguzi kucha ndefu ni kumtafutia matatizo kazini. Muuzie matunzo ya mikono, maana yake inanawa na kusuguliwa spiriti siku nzima mpaka inapauka.

Kisha kuna mteja anayeswali. Ukiwa Zanzibar, Tanga, Mombasa, au mitaa kama Magomeni na Ilala, huyu si mteja wa pembeni, ni nusu ya mtaa. Udhu unataka maji yafike kwenye kucha, na rangi huyazuia. Kwa hiyo ile sifa unayoitangaza kwa fahari, kwamba jeli yako inakaa wiki tatu, kwake ni kasoro. Anachohitaji ni rangi ya kawaida atakayoipaka akiwa kwenye siku zake na kuifuta baada ya siku chache, kucha za kubandika kwa vibandiko laini atakazovaa kwenye sherehe ya jioni na kuzitoa kabla ya Isha, au hina.

Ningeshangaa mtu wa pwani akifungua biashara ya kucha na kuisahau hina. Hina ya majani hutia rangi kwenye kucha yenyewe na haijengi utando wa kuzuia maji. Haihitaji taa wala umeme, mtaji wake ni mdogo, na kwenye harusi na sikukuu za Idd bibi anapakwa, binti anapakwa na mjukuu anapakwa siku moja. Jihadhari tu na piko. Ule weusi unaoshika haraka mara nyingi hutokana na dawa ya kupaka nywele yenye kemikali iitwayo PPD, ambayo kwenye ngozi inaweza kutoa malengelenge na kumwachia mtu mzio wa kudumu. Bibi harusi mwenye malengelenge mikononi siku ya harusi ni msiba wa biashara. Mwambie wazi kwamba hina yako inatoa rangi nyekundu au ya kahawia, na inataka ikae saa kadhaa.

Sasa nije kwenye miguu, kwa sababu naona haipewi heshima yake. Vijana wanaoanza huona kusugua visigino ni kazi ya chini, wanataka kuchora. Lakini hebu tazama: tunavaa ndala na viatu vya wazi mwaka mzima, tunatembea kwenye vumbi na mchanga, tunavua viatu mlangoni kwa watu. Mguu uliopasuka unaonekana kila siku. Mama wa miaka hamsini na tano ambaye hajawahi kubandika kucha na hatabandika, atakuja kila mwezi kwa ajili ya miguu yake, na atamleta dada yake. Wanaume nao huja kwa miguu, hasa mwenzao mmoja akitangulia. Na vifaa ni vichache: mabeseni mawili, mataulo, brashi, jiwe la kusugulia, tupa, chumvi, mafuta, sabuni, kikatio cha kucha.

Hapa ufundi wenyewe ni usafi. Mwaka 2000, katika mji wa Watsonville, California, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja walitoka majipu miguuni baada ya kuogeshwa kwenye mashine za maji yanayozunguka. Bakteria walikuwa wamekaa nyuma ya vichujio, penye nywele na uchafu uliojikusanya. Somo lake kwako ni jema: huhitaji mashine. Beseni la plastiki ni bora kwa sababu halina pa kuficha uchafu. Lisugue kwa sabuni baada ya kila mteja, lisuuze, litie maji yenye jiki na kuyaacha dakika kumi, lisuuze tena na ulikaushe. Vyombo vya chuma huoshwa kwanza kwa sabuni na brashi hadi visiwe na chembe, ndipo vilowekwe kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa dakika 10. Usivianzie na spiriti vikiwa vichafu; spiriti haiingii chini ya uchafu. Tupa ya karatasi na kijiti cha mti havisafishiki: mpe mteja aondoke navyo, au vitupe mbele yake akiona. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 na zaidi, hivyo tone la damu lililokauka kwenye koleo la Jumatatu bado ni hatari Ijumaa.

Njia rahisi ya kuepuka damu ni kutokuuza huduma zinazoitoa. Usikate kile kingozi chembamba kilicho kwenye mzizi wa kucha. Kilainishe kwa maji ya vuguvugu na mafuta, ukisukume, basi. Kipo pale kuziba mlango wa vijidudu. Usikwangue visigino kwa wembe, hata mteja akisema fundi wake wa zamani alimzoesha. Jiwe na subira, mara moja kwa wiki tatu, vitafika pale wembe ulipotaka kufika.

Na uliza kila anayeweka mguu kwenye beseni lako: una kisukari? Mwenye kisukari anaweza asihisi maji ya moto wala mchubuko, na kidonda kidogo kwake kinaweza kumgharimu mguu. Unaweza kumpaka mafuta na rangi, lakini usimkate wala kumsugua sana, na ukiona kidonda mwelekeze kituo cha afya. Vivyo hivyo kwa kucha iliyo nene, yenye rangi ya njano na inayomomonyoka. Hiyo inaweza kuwa fangasi. Hatuifuniki kwa rangi nzito wala akriliki ili ionekane nzuri kwenye sherehe. Chini ya kifuniko inazidi kustawi, nawe umeshagusa tupa, taulo na mkono wa mteja anayefuata.

Jeli ya kupaka ndiyo ningeiweka ya pili baada ya miguu. Tangu kampuni ya CND ilipoleta Shellac mwaka 2010, rangi inayokaa wiki mbili hadi tatu bila kubanduka imekuwa jambo ambalo wateja wa mjini wanalijua na kuliulizia. Mtaji wake hauogopeshi: taa moja nzuri, rangi ya chini, rangi ya juu, na rangi za katikati nane au kumi. Nyekundu mbili, ya waridi iliyopoa, ya maziwa, kahawia, nyeusi, ya divai, na moja au mbili za msimu. Hizo zinatosha mwaka mzima, na anayetaka ya kijani cha parachichi atasubiri au atachagua nyingine.

Ila jeli ina ubaya usioonekana haraka. Jeli mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara, mwili unaweza kuanza kuikataa: vidole vinawasha, ngozi inapasuka, kucha inaachia kutoka kwenye nyama. Mzio huo ukishaingia hautoki. Madaktari wa ngozi wa Uingereza walitoa onyo juu ya jambo hili mwaka 2018, wakieleza kwamba mtu aliyepata mzio huo anaweza kuja kupata shida hata kwa vifaa vya kuzibia meno au vya upasuaji wa viungo, kwa sababu vina kemikali za ukoo huohuo. Anayepata zaidi ni fundi mwenyewe, kwa kuwa yeye huishika kila siku.

Kinga yake iko kwenye mambo madogo. Usiifikishe jeli kwenye ngozi. Ikifika, ifute kabla mkono haujaingia kwenye taa. Paka nyembamba mara mbili badala ya nene mara moja. Tumia taa iliyopendekezwa na mwenye jeli, kwani taa ndogo za bei ya soda hugandisha juu na kuacha ubichi chini. Umeme ukikatika mkono ukiwa ndani, usibahatishe. Mwombe mteja radhi, ufute, uanze upya umeme ukirudi, au uwe na taa yenye betri yake. Glavu za nitrili ni bora kuliko zile za mpira wa kawaida, lakini zibadilishe zikichafuka, maana hazizuii milele. Soma na lebo. HEMA ndiyo kemikali inayotajwa sana kwenye mizio hii. Na kemikali nyingine ya kugandishia, TPO, imepigwa marufuku kwenye vipodozi katika nchi za Umoja wa Ulaya tangu Septemba 1, 2025. Kilichokataliwa huko kinaweza kutafutiwa soko kwingine, na wewe ndiye soko lenyewe.

Kuna huduma ambayo haitajwi sana nayo naipenda kwa ajili ya wale ambao nyumba zao haziruhusu wageni. Pengine mwenye nyumba hataki watu wanaoingia na kutoka, pengine mume hapendi, pengine unalea mgonjwa ndani. Tengeneza kucha za kubandika kwa oda. Unanunua kucha tupu za plastiki za saizi zote, unazipaka jeli na kuzichora usiku watoto wakiwa wamelala, unazipanga kwenye boksi dogo na kumkabidhi bodaboda. Mteja anakupa vipimo kwa kubandika selotepu juu ya kila kucha, kuchora mipaka na kukutumia picha pamoja na rula. Hapo ndipo michoro yako yote ya maua na vipepeo inapopata mahali pake, kwa kuwa mteja wa kitchen party au send-off anataka kuonekana usiku mmoja, kisha arudi kwenye mbuzi yake ya nazi Jumatatu. Nawe hupumui mvuke wa mtu yeyote, wala hukimbizani na saa.

Sasa tukokotoe, maana watu huchagua huduma kwa kutazama bei, na bei pekee hudanganya. Nachukua tarakimu za mfano tu, weka zako. Tuseme akriliki unatoza shilingi 35,000, vifaa vinakula 9,000, na kwa kuwa bado unajifunza inakuchukua saa nne. Imebaki 26,000, yaani 6,500 kwa saa. Jeli unatoza 15,000, vifaa 4,000, saa mbili: umepata 5,500 kwa saa. Miguu na rangi ya kawaida 10,000, vifaa 1,500, dakika 50: ni kama 10,200 kwa saa. Kuondoa kucha 5,000, vifaa 1,000, nusu saa: 8,000 kwa saa. Ile kazi ya kudharauliwa imekaa juu, na ile iliyokutia hamu ya kuanza biashara imeshindwa hata na pamba na asetoni. Mkono ukishakuwa mwepesi hesabu itabadilika, jeli itashuka hadi saa moja na kupanda thamani. Lakini biashara hufa katika miezi ya mwanzo, na hiyo ndiyo miezi ambayo mkono ni mzito. Weka daftari, andika saa ya kuanza na ya kumaliza kwa kila mteja. Usipoandika utaamini umechuma kwa sababu umechoka.

Kabla ya kutoza yeyote kwa huduma mpya, ipake kwenye mkono wako mwenyewe na kwenye mikono ya ndugu wawili watatu wanaofua na kupika. Usiitazame siku ya kwanza. Siku hiyo kila kazi ni nzuri. Itazame baada ya wiki mbili. Kama imeinuka pembeni, hujaiva bado, na kuinuka huko si suala la sura tu: maji yakiingia chini ya jeli au akriliki na kukaa, bakteria huota na kucha hugeuka kijani. Mtu asikulaumu kwa ulichokiona mapema ukanyamaza.

Mambo ya karatasi sitayarefusha. Chukua namba ya mlipakodi TRA, uliza ofisi ya biashara ya halmashauri yako kuhusu leseni, mwombe mwenye nyumba ruhusa mapema kwa maandishi ikiwezekana. Kama unataka kusoma kwa utaratibu, VETA ina kozi za urembo. Zina thamani kuliko video, kwa sababu pale kuna mtu wa kukushika mkono unapokosea.

Na uwe tayari kusema hapana. Msichana wa darasa la sita anayetaka akriliki ya Krismasi, hapana. Mpake rangi ya kawaida aoshe shule zikifunguliwa. Shoga yako anayetaka umtoe kucha za akriliki kwa kung'oa kwa sababu ana haraka ya harusi, hapana. Mteja mwenye vidole vinavyowasha tangu jeli ya mara ya mwisho, hapana, hata akikupa mara mbili, na umshauri amwone daktari wa ngozi.

Kama ungeniambia niiandike orodha yako ya kwanza, ningeandika hivi: kuondoa kucha, miguu, mikono, rangi ya kawaida, jeli ya kupaka, kwa wa pwani ningeongeza hina, na kwa asiyeweza kupokea wageni ningeacha kucha za oda peke yake. Baada ya miezi mitatu soma daftari, futa inayokupa hasara, ongeza ile ambayo wateja wameiulizia zaidi ya mara moja. Akriliki iache hadi upate chumba chenye mlango wake na madirisha mawili, kisicholala mtu.